Maana Alizozifuta Mhariri

Harufu ilianza siku ile mhariri alipofuta maana ya kwanza: harufu ya nywele zilizoungua, imejaa nyumba nzima, na jikoni hakuna moto.

Alikuwa akitunga kamusi ya maneno yaliyosahaulika, mezani sebuleni, mwanawe akicheza miguuni pake. Kanuni yake ilikuwa moja: maana isiyo na mashahidi wawili haina nafasi. Neno moja, ambalo halitaandikwa hapa, lilimtia kero. Mzee mmoja alisema ni kikohozi cha mtoto mchanga, mwingine ni ukoko wa chungu, wa tatu akaja na lake. Hata asili waligombania: huyu anasema wahunzi, yule mabaharia. Akazifuta zote, wala hakubakiza nakala, kwani hakuwa mtu wa kutunza takataka.

Mtoto, aliyekwisha kujua kuita mama, maji na paka, akapoteza neno paka. Kesho yake akapoteza maji. Kisha akamtazama mamake, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu yenye harufu ile ile.

Mhariri alimwita shangazi yake. Alipomnong'oneza lile neno, shangazi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Umelivua nguo, mwanangu. Hilo ni jina la jini. Wazee walilivisha uongo ili anayelitamka awe anataja kitu kingine. Wewe na mashahidi wako, utadhani hakimu."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Lirudishie. Zote."

Akaandika upya kikohozi. Mtoto akasema mama. Akaandika ukoko, mtoto akasema maji. Lakini ya tatu haikumjia, na shangazi hakuwahi kuijua, na mzee aliyeitoa alikwisha kuzikwa, na harufu ikazidi kukaribia hata ikawa kama mtu ameinama begani pake akisoma anachoandika, naye, ambaye maishani mwake hakuwahi kuandika asichokuwa na hakika nacho, akatunga: kivuli cha mti uliokwisha kukatwa.

Shangazi akashusha pumzi.

Mtoto akainua uso, akatabasamu, akasema kwa sauti nzito ya mwanamume, taratibu, kama anayemsahihisha mwanafunzi:

"Hiyo umeitunga sasa hivi."