Finjani ya Pili

Enisa alirudi nyumbani kwake mjini Tuzla akiwa hoi bin taabani. Alikaa jikoni na buti zake za tope. Mumewe, Senad, alimpakulia supu, akamuuliza kama leo mzee amekubali. Enisa akatikisa kichwa tu.

Enisa ni injinia. Kule mlimani, ardhi ilikuwa imepasuka juu ya nyumba za watu. Udongo ulikuwa umelowa maji, na mvua za vuli zilikuwa njiani. Dawa inajulikana: chimba mtaro, laza bomba, maji yatoke kabla mlima haujaporomoka. Lakini mtaro lazima upite katika shamba la miti ya matunda ya plamu la Mzee Ramo, na mzee hataki. Kila mara Enisa alipanda na ramani yake, kila mara akateremka mikono mitupu.

"Nimechoka, Senad," alisema. "Udongo nauweza. Watu ndio wananishinda."

Jirani yao Vahida, injinia mstaafu wa barabara, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Akavuta kiti, akamuuliza Enisa kama kwa mzee huwa anapewa kahawa.

"Napewa. Nakunywa finjani moja upesi, nafungua ramani, naondoka. Kazi ni nyingi, dada."

Vahida akaguna. "Ah, mwenzangu! Finjani ya kwanza ni ya kukaribishwa. Ya pili ndiyo ya mazungumzo. Umekwenda kwake mara zote hizo, na bado hamjaongea."

"Hayo ni mambo ya bibi zetu."

"Na Ramo ni rika la nani?"

Vahida akamweleza polepole kwamba kuongea na watu ni kazi ya injinia, sawa na kupima udongo. Uliza kwanza. Sikiliza. Ramani baadaye. Na usiahidi usichokiweza.

Kesho yake, alipofika kwa Ramo, Enisa aliiacha ramani garini. Miguu ilimuuma, na moyo haukutaka. Akanywa finjani ya kwanza, akatulia. Ramo alimtazama kidogo, kisha akamimina ya pili. Ndipo Enisa akamwuliza anaogopa nini.

Mzee aliweka birika chini.

"Wakati wa vita walituambia tutoke nyumbani kwa siku mbili tu," alisema. "Tulirudi baada ya miaka minne. Sasa nyinyi mnaleta matingatinga. Nikikubali, mtaniambia nitoke tena."

Enisa aliona aibu. Siku zote hizo alikuwa akizungumzia mabomba tu.

"Mtaro ni wa shambani, baba, nyumba hatuigusi. Miti michache itakatwa, na tutaichagua pamoja. Bila mtaro, ndipo mlima utakapokuhamisha. Hatari ikizidi, sitakuficha."

"Utakuja wewe mwenyewe kuniambia?"

"Mimi mwenyewe."

Ramo akasema wachimbe.

Mtaro ukachimbwa, mabomba yakalazwa. Kisha mvua ikaja, mvua ya kufa mtu, wiki nzima. Asubuhi moja Enisa alipanda mlimani roho juu. Akakagua nyufa: hazikuwa zimepanuka. Mwisho wa bomba, maji ya tope yalikuwa yakimwagika kwa nguvu hadi kijitoni. Mlima ulikuwa umesimama.

Akaenda kumpa mzee habari. Mke wa mwanawe alimpokea mlangoni, akamwashiria asipaze sauti.

"Baba amelala," alinong'ona. "Tangu ardhi ipasuke alikuwa analala na viatu miguuni. Jana kavivua."