Kamba za Magurudumu

Mboni, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa Kigombe, kijiji cha pwani karibu na Tanga, na bibi yake, Bi Mwanamkasi, msokota kamba. Kila alipotoka shule alifukua makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukoni yalainike, akayaponda kwa rungu mpaka nyuzi za kusokotea zikaachana. Makumbi yale yalinuka vibaya, na wenzake walijiziba pua akipita. Mboni aliichukia kazi ile.

Mwaka 1954, siku chache kabla ya masika, alikuja Mwinyijuma, dereva wa lori kuukuu. Barabara ya Tanga haikuwa na lami, na mvua zikianza iligeuka uji. Alikuwa amekwisha kutengeneza breki na taa, na kubadilisha tairi mbili. Zilibaki kamba za kuzungushia magurudumu ya nyuma yasiteleze, maana minyororo hakuwa nayo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Mara hii nataka kamba za kuaminika. Mke wangu Saleha ni mjamzito, na mkunga amesema akazalie hospitali, Tanga."

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa utazipata."

Kesho yake Bibi alishikwa na homa, akamwachia Mboni kazi. Mboni alikuwa hodari wa kusokota, ila mvivu wa kuponda. Aliokota kamba za mwaka jana, zimeoza, akazifunika kwa nyuzi mpya. Ukizitazama kwa nje, utazisifu!

"Zote ni nyuzi mpya?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Zote, Bibi," akajibu bila hata kupepesa macho.

Ijumaa Mwinyijuma akazichukua. Masika yakaanza. Alfajiri moja Saleha alishikwa na uchungu, Mwinyijuma akampakia kwenye lori. Walipopanda kilima nje ya kijiji, kamba zilikatika moja baada ya moja, zikapotelea topeni. Lori likarudi nyuma, likazama topeni. Watu walilisukuma mpaka adhuhuri. Saleha alifika Tanga akiwa hai, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Kijiji kikapata la kusema. "Dereva gani huyu, ashindwe kumfikisha mkewe mwenyewe?" Mwinyijuma aliliacha lori, akawa anashinda barazani akiitazama mikono yake. Mboni alimpita kila siku akienda shule, na kila siku moyo ulimuuma zaidi. Siku ya nane chakula kilimshinda, akamweleza Bibi. Bibi alilia sana, kisha akajitanda kanga, akamshika mkono mpaka kwa Mwinyijuma.

"Sema kama ulivyoniambia."

Mboni alisema yote, akilia, majirani wakisikia.

"Siku nane najiuliza ni fundo gani nililolifunga vibaya," Mwinyijuma akasema. "Hilo umeniondolea. Mwanangu huwezi kunirudishia." Akaingia ndani.

Majirani waliomsema wakaondoka mmoja mmoja, vichwa chini. Juma lililofuata Bibi na Mboni walisokota kamba nyingine, nyuzi mpya tupu. Mwinyijuma alizivuta moja moja mbele ya Mboni kabla ya kuzifunga, na lori likarudi barabarani.

"Bibi, atanisamehe?" Mboni aliuliza walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Sijui, mjukuu wangu. Msamaha ni wake, humpa amtakaye. Wewe shika hili: kazi mbovu haimuumizi anayeifanya. Humuumiza anayeiamini."