Ukuta wa Kuni wa Ignat

Ndugu zangu wa huku mlimani, na nyinyi wenzetu mnaopanda kuja msimu wa sikukuu tu, tulieni niwaambie yaliyoipata nyumba ya Ignat Karadimov. Sifichi jina lake. Mwenyewe aliniambia, "Sema, tena useme kwa sauti, labda mjinga mwingine atasikia." Basi nasema.

Ilikuwa asubuhi ya vuli yenye jua zuri. Velika, mke wa Ignat, alikuwa kibarazani akitunga pilipili nyekundu kwenye uzi. Kondoo walishatoka, kengele ya kanisa ilishanyamaza, na wanawake waliotoka kusali walikuwa wamesimama barabarani mbele ya nyumba, kama kawaida yao. Hawakusimama kumwangalia yeye. Walikuwa wakiangalia kuni.

Ignat alikuwa amezipanga ukuta mzima wa mbele, kutoka mlangoni hadi pembeni, na kwenda juu karibu na paa. Zilikuwa za mwaloni mtupu, zimepasuliwa sawasawa, zimekauka miaka na miaka mpaka ukigonga gogo kwa gogo unasikia linalia. Hapakuwa na pengo la kupitisha hata panya. Nanyi mnajua mambo yetu: huku mwanamume anapimwa kwa kuni zake kabla hajafungua mdomo.

"Ignat, mkono wako usipatwe na baya!" alisema mmoja wa wale wanawake. "Hizi ni kuni au mkeka?"

"Kuni tu, dada, kuni tu," Ignat alijibu, kifua mbele, huku akikirudisha ndani kwa kidole kigogo kimoja kilichojitokeza kidogo.

Mara kutoka nyuma ya kuni ikasikika sauti ya kizee. "Jamani, kumekucha au bado?"

Wanawake wakacheka. Velika hakucheka. Ilikuwa sauti ya mkwewe, Bibi Tsona, mama mzazi wa Ignat, ambaye miguu ilishakataa kumbeba na siku zake zote alizimaliza kitandani. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilikuwa nyuma ya kuni zile za mwaloni. Mwanzoni Ignat aliliachia nafasi. Halafu mtu mmoja aliyepita akamwambia kwamba ile nafasi inaonekana kama jino lililong'oka, naye siku hiyo hiyo akaiziba.

Msidhani Ignat alikuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, na kila jioni alimlisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alipenda kusifiwa na wapita njia. Ugonjwa huo haumlazi mtu kitandani, ndiyo maana hatuutafutii dawa.

Kabla ya vuli hiyo, kiangazi cha mwaka uleule, alinunua jiko jipya la kuni, la chuma kizito, lenye kioo mlangoni na oveni ya kuokea. Fundi aitwaye Kamen alikuja kulifunga. Akaunganisha bomba la jiko na dohani ya zamani ya mawe, ile inayopandisha moshi ndani ya ukuta hadi juu ya paa, upande mmoja korido na upande wa pili chumba cha Bibi Tsona. Chini ya dohani kulikuwa na kijimlango cha kutolea masizi.

"Hiki usikizibe," Kamen alisema. "Na kila mwaka kabla ya baridi panda juu, upige brashi dohani yote. Masizi yashuke, uyatoe hapa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bwana wee. Mimi mtoto?"

Fundi hakuwa amefika hata mtoni, Ignat akaanza kubandika vigae vya buluu kwenye ukuta ule. Alipofika kwenye kijimlango hakusita, akakifunika.

"Sasa masizi yatatokea wapi?" Velika aliuliza.

"Masizi yanapanda juu na moshi, mke wangu. Umeona wapi masizi yakishuka?"

Akajiona amesema neno la maana sana, na jioni akalirudia kwa jirani zake.

Baridi ikaingia. Mngefikiri sasa ule mwaloni mkavu ungeanza kuingia ndani ya nyumba, si ndiyo? Wapi! Kuni za mbele hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Zilizochomwa ni zile mbichi zilizoletwa na lori kutoka msituni wakati majani yanapukutika, ambazo Ignat alizitupa nyuma ya zizi wasizione watu. Ndani ya jiko zilitoa povu na kulia. Ili zisiishe upesi, Ignat alifunga tundu la hewa mpaka moto ukawa unavuta pumzi kwa taabu, na jiko likawa linatoa moshi kuliko joto. Kioo kikawa cheusi. Kwenye maungio ya bomba yakaanza kudondoka matone meusi mazito, yenye harufu ya lami. Ukutani kwa Bibi Tsona, juu ya kitanda, kukatokea doa la kahawia lililokuwa likipanuka, na yule bibi akaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichompa nafasi ya kumaliza sentensi.

Velika alimfuata mumewe zizini.

"Ignat, mama anakohoa kwa moshi wetu. Leo nataka kuni kavu, na ile dohani isafishwe."

"Tatizo lako haraka. Ngoja Siku ya Ignat ipite. Watu watakuja kunipongeza kwa jina langu, nusu ya kijiji. Unataka wakute ukuta una matundu?"

"Nataka wakute mama yako anapumua."

"Wewe mwanamke una ulimi kama shoka!"

"Basi uogope ukija kukupata," alisema Velika. "Sikukuu ikipita, kuni zile zinaingia jikoni, upende usipende. Nitazibeba mimi."

Alimaanisha alichosema. Hata hivyo alikubali kungoja, na kungoja huko kunamuuma mpaka leo.

Sasa, Siku ya Mtakatifu Ignati ni siku kubwa kwa kila mtu hapa, achilia mbali wenye jina hilo. Mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima. Anaingia na kijiti, anauchokoa moto, na kadiri cheche zinavyoruka ndivyo anavyowatakia wenye nyumba wanakondoo na vifaranga. Kwa Ignat mgeni huyo alikuwa jirani yake Dimo, mtu mnene mcheshi, kwa sababu mwaka aliotangulia yeye kuingia, kondoo walizaa mapacha.

Ignat alitaka cheche za kusimuliwa. Asubuhi ile alilijaza jiko vipande vya msonobari na masanduku makavu ya matunda, akafungua tundu la hewa lote, na mlango wa jiko akauacha wazi ili wageni waone vizuri. Mezani kulikuwa na maharage, kabichi ya kuchachusha, keki ya malenge na rakia, ile pombe yetu kali ya plamu. Wageni walikuwa wamejaa hadi kibarazani. Velika alimpelekea mkwewe chai, akarudi, na ndipo Dimo alipoinua kijiti.

"Haya, Ignat! Cheche zizae kondoo, kondoo wazae pesa, na wewe uzae adabu!"

Watu wakacheka. Dimo akachokoa kwa nguvu zake zote, cheche zikaruka kundi zima na kuvutwa ndani ya bomba. Wakapiga makofi.

Kisha dohani ikanguruma. Mwanzoni watu walidhani ni lori limesimama mlangoni. Bomba likatetemeka, likaanza kuwa jekundu, na mtu wa nje akapiga kelele, "Moto! Dohani yenu inatema moto!"

Lami yote ya majira yale, ile isiyokuwa na pa kutokea, ilikuwa imeshika moto ndani ya ukuta.

"Maji!" Ignat aliruka na ndoo.

Velika akamshika mkono. "Usithubutu! Litapasuka litubabue wote." Akaupiga mlango wa jiko kwa teke ukajifunga, akaziba tundu la hewa, akageuka. "Kila mtu nje! Dimo, piga simu zimamoto. Mimi namfuata mama."

Hakufika. Mawe ya dohani yalipasuka upande wa korido kwa mlio kama wa bunduki, na moshi mweusi ukamwagika njia nzima. Velika alijifunga kitambaa chenye maji usoni, akaingia, akarudi anatapika. Akaingia tena, akarudi anatambaa. Nyuma ya moshi alisikia kile kikohozi kikavu, kisha akasikia kinapungua.

"Dirishani!" alilia, akakimbia nje.

Nje, mbele ya dirisha, ulisimama mwaloni wa Ignat.

Ignat alishafika na alikuwa juu ya kiti, anatoa kuni kutoka juu, moja moja, akimpa Dimo, na Dimo anampa mwingine. Na hapo, ndugu zangu, mazoea yakamshinda mtu mbele ya kijiji kizima.

"Polepole," alisema. "Msizichanganye."

Velika alilisikia neno hilo na subira yake ikafika mwisho. Alichomoa shoka kwenye gogo la kupasulia, akaenda kwenye pembe ya ukuta ule wa kuni, pale penye nguzo inayoshikilia mpangilio wote, akaipiga. Akaipiga tena.

"Velika, zitawaangukia watu!"

"Watu wana miguu! Mama yako hana!"

Pigo la tatu likaikata. Mwaloni wote ukaegemea, ukalalamika, ukamwagika hadi barabarani, na wageni wakaruka huku na huku. Dirisha likaonekana, chafu, limejaa utando wa buibui, na ndani yake moshi. Ignat hakungoja shoka; alilivunja kwa kiwiko akapanda. Haki yake nampa: aliingia ndani ya moshi ule bila kuuliza. Alitoka na mama yake amemzungushia blanketi, uso mweusi kama chungu, macho yamefumba.

Wakamlaza juu ya theluji. Velika akamgeuza ubavu, akamfuta mdomo, akamwita, "Mama. Mama. Nijibu, mama." Hatimaye kifua kikapanda, kikohozi kikaja, na watu wengi wakalia bila aibu.

Bibi Tsona alifumbua macho akamtafuta mwanawe.

"Nimekusikia," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuwa nakufa, nawe unawaambia wasizichanganye."

Ignat alipiga magoti kwenye theluji, katikati ya kuni zake, akajiziba uso akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Zimamoto walichelewa kwa sababu ya theluji. Walikuta jikoni pamenusurika kwa sababu jiko lilifungwa, lakini paa la upande ule liliteketea na dohani ilibidi ijengwe upya. Familia ililala kwa Dimo hadi baada ya Krismasi. Bibi Tsona yu hai, ingawa kifua chake hakikurudi kama zamani, na kitanda chake kiko dirishani. Dohani mpya ina kijimlango, na Ignat mwenyewe hupanda juu na brashi. Kuni zake siku hizi ziko chini ya kibanda uani, zimepangwa ovyoovyo, na zinawaka vizuri sana. Hakuna anayesimama kuzitazama.

Funzo

Kuni zimekaushwa ili ziwake. Ukichoma mbichi na kuhifadhi kavu kwa ajili ya macho ya watu, unaijaza dohani yako baruti kwa mkono wako mwenyewe. Piga brashi kabla baridi haijaanza, acha wazi pa kutolea masizi hata kama pana sura mbaya, na moto uupe hewa yake, usiulaze kwa moshi ili upate kujisifu kwamba kuni zako haziishi.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Kupenda sifa kunaanza na kitu kidogo, kigogo kinachorudishwa kwa kidole, na kunaishia kwa mtu kushindwa kutofautisha mama na mpangilio wa kuni. Wanaotusifu barabarani hawakai na sisi ndani ya moshi. Kesho asubuhi kila mmoja atoke nje aangalie vitu vyake vizuri vimeziba nini. Na ukikuta nyuma yake kuna dirisha la mtu, nakuomba, usitoe kimoja kimoja.