Ufa wa Nyumba ya Kabuta

Félix, mchuuzi wa samaki wakavu pale Kabuta, alikuwa na nyumba moja ya kupangisha na roho ngumu ya kutosha nyumba kumi. Paa likivuja alikuja siku hiyohiyo, maana mabati ni mali. Ufa wa ukutani ungoje kiangazi.

Asubuhi moja alikuwa akigeuza samaki juani, mpangaji wake Pierrette akafika, mwanawe Chouchou mgongoni.

“Patron, ukuta inazidi kupasuka. Palepale mutoto analala.”

“Ile haiko urgence. Inaweza kungoja. Tutatengeneza kisha mvua.”

“Iko mutu mule ndani,” akanong’ona. “Anaita Chouchou na jina yake.”

Félix akatema mate. Alijua maneno hayo yalikotoka. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua kwa udongo wa kichuguu ambacho wenyeji walilima kukizunguka bila kukigusa. Walimwambia humo walizikwa watoto wachanga, zamani. Yeye aliona udongo mzuri wa bure, basi.

“Buloshi yako, ile uchawi, peleka kwa kanisa. Ao toka!”

Pierrette akahama mchana uleule. Félix akapandwa na hasira: nani tena angepanga nyumba yenye sifa ile? Akaamua kumwaibisha mbele ya watu. Akamleta binti yake mdogo, Cadette, akamtandikia mkeka chini ya ufa, mchana kweupe, mlango wazi, majirani waone hakuna mtu ukutani. Mtoto akasinzia.

Akatoka uani kuchota maji ya kukandia udongo wa kuziba. Macho yake hayakuuacha mlango. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyetoka.

Akarudi na ndoo.

Mkeka mtupu. Ukuta mzima. Ufa haupo.

Udongo wake wa kuziba ulikuwa bado mkavu sakafuni.

Akaita. Akashika jembe, akauvunja ukuta huku analia. Upande wa pili akakuta jua na kuku tu. Alipogeuka, Pierrette alikuwa mlangoni, Chouchou mgongoni, uso hauna huruma.

“Nisaidie, mama! Leo, leo hii!”

“Si ulisema inaweza kungoja?”

Tofali moja lilikataa kuvunjika. Juu yake kimechomoza kiganja kidogo, kama kilichosukuma kutoka ndani. Félix analo mpaka leo, analipakata barazani. Waliowahi kuligusa wanasema lina joto, kama mtoto mwenye homa. Hakuna anayethubutu kumwambia alizike.