Mgongo Usio na Mwenyewe

Jasho lilikuwa upande usio wake. Bi Pini alikuwa amelala chali juu ya mkeka kwa dakika ishirini, peke yake, katika chumba chake cha kushonea, saa nane mchana, na alipoinuka mgongo ulikuwa mkavu kabisa. Kilicholowa ni kifua. Alama pana ilishuka kutoka chini ya kidevu hadi tumboni, kama ya mtu aliyejilaza juu ya mgongo wa mwenzake anayetoka jasho. Shavu la kushoto nalo lilikuwa na unyevu. Akalinusa gauni. Lilinuka udongo mbichi, na nyumba nzima ilikuwa na sakafu ya saruji.

Akasema ni joto. Kusema kweli alikuwa na furaha mno, hakutaka kujiulizauliza. Mabega yake yalikuwa yameshuka.

Na hayo mabega tuyaseme kidogo. Miaka nenda miaka rudi yalikaa juu karibu na masikio, utadhani mwenyewe anagombezwa kila dakika. Wateja walimtania kwamba siku anaumbwa kitambaa cha shingo kilipelea. Jina la Bi Pini alilipata kwa pini alizobana kwa meno akishona, lakini hata akizitema, taya lilibaki limekaza vilevile. Hospitali walimpiga picha wakamwambia mifupa ni mizima. Mafuta alipaka, vidonge alimeza. Sasa mkono wa kulia ulikuwa hauinuki kupita kifua, na fundi asiyeweza kusukuma mkasi ni fundi wa jina tu.

Ndipo akampata mkandaji mmoja, mama mnene wa sauti ya chini, ambaye hata hakumkanda. Alimweleza kuwa kukaza ni jambo mwili ulilojifunza. Kabla ya hapo ulijua kulegea, na bado unakumbuka.

"Lala," alimwambia. "Rudi nyuma, nyuma kabisa, kabla hujajua kusema. Tafuta siku uliyokuwa umelegea. Ukiipata usiifikirie. Ingia, uache mwili ufuate."

Akaweka sharti moja tu. Kumbukumbu yoyote atakayoipata, kabla ya kuitumia akamuulize aliyemlea kama jambo lile lilikuwepo kweli.

Bi Pini aliipata siku ya pili. Alikuwa mtoto mdogo, amebebwa mgongoni mwa mtu, shavu limelala, miguu inaning'inia, na mwendo wa yule mtu ukimpembeza. Mwili wote ukamlegea, akalia kwa raha. Mama yake alikuwa mtaa wa pili tu, ila walikuwa wamenuniana mwezi mzima kwa sababu ya gauni lililobana kwapani. Mkandaji alipomuuliza, "Umemuuliza mama?" akajibu, "Nimemuuliza."

Wiki ile alikata sare arobaini za shule bila kusimama. Kila mchana alilala mkekani, akarudi mgongoni. Lakini kumbukumbu ilikuwa inatembea. Siku ya kwanza walikuwa ndani ya chumba. Siku ya tatu walikuwa mlangoni. Siku ya tano wameshapita uani, wanashuka njia ya majani marefu, na kila alipoingia alikuta safari inaendelea pale alipoiachia jana. Alijua kumbukumbu haifanyi hivyo. Siku ya saba, kule chini kimya kilipozidi hata ndege hawasikiki, alitaka kurudi, na yule mbebaji akamrusha kidogo kumweka sawa, jinsi mtu anavyomweka mtoto anayeteleza. Mikono miwili ilimshika mapaja. Wa tatu ulikuwa unampigapiga mgongoni taratibu kumbembeleza.

Aliinuka, akaukunja mkeka akautupa juu ya kabati. Hakulala tena mchana. Mabega yalibaki laini, akajipa moyo kwamba mambo yameisha.

Siku ya tatu baada ya hapo alikuwa anashona, na mwanaye amelala nyuma yake juu ya marobota ya kitambaa. Huyo ni binti wa mwaka na nusu, mtoto wake wa pekee, waliyemwita Tone kwa udogo aliozaliwa nao. Baba yake alikuwa safarini na lori. Bi Pini aliisikia harufu kwanza, ule udongo mbichi, akaacha kukanyaga cherehani, na cherehani liliponyamaza akasikia hatua, hatua nzito za mtu asiye na haraka, zikitoka kwenye marobota kuelekea mlangoni, akageuka polepole kwa sababu shingo haikutaka kugeuka, akamwona Tone amelala usingizi mzito hewani, usawa wa kiuno cha mtu mzima, shavu limebonyea kama limeegemea kitu, miguu inaning'inia na kupembea kwa mwendo wa zile hatua, na mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo ukiwa wazi.

Akamrukia, akamvuta. Kitu kilimvuta mtoto upande wa pili, bila nguvu nyingi, kama watu wawili wanaogombea kumpokea mgeni mzigo. Kisha kikaachia. Tone akafumbua macho, akanyoosha mikono kule mlangoni pasipo na mtu. "Tena," akasema.

Bi Pini alifika kwa mama yake miguu mitupu, mtoto kambana kifuani.

"Mama, nani alikuwa akinibeba mgongoni nikiwa mdogo?"

Yule mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Akaacha.

"Nani amekwambia ulibebwa?"

"Nakumbuka."

"Sauti chini, mwanangu." Akainuka, akafunga dirisha. "Mimi niliungua mgongo kwa maji ya moto wiki uliyozaliwa. Miaka miwili sikumbeba mtu. Na katika nyumba ile tulikuwa mimi na wewe tu."

Wakatazamana.

"Nilikukuta unaelea uani," mama akanong'ona. "Umelegea kama nguo iliyoanikwa. Nikakuvuta. Nikakupeleka kwa mzee wa kutibu, akasema hilo ni jini lililofiwa na mwanawe, linabeba watoto wa watu. Kulifukuza hakuweza. Akasema haliwezi kumbeba mtoto aliyekaza mwili. Basi kila nikiona unalegea, nakushtua. Nagonga sufuria. Nakupigia makofi masikioni. Nakuita kwa ukali. Mpaka mwili ukazoea wenyewe."

"Mimi nilidhani hunipendi."

"Najua ulidhani."

Bi Pini alilia. Alilia kwa hasira, na kwa mapenzi pia, na hakujua kipi kinamwumiza zaidi. Akampigia simu mkandaji, akamweleza yote, akakiri kwamba hakuuliza.

"Dada," mkandaji akasema, "mimi najua kulegeza tu. Kukaza sikufundishwa. Na wewe umeshakuwa mkubwa, hicho kitu hakikutaki tena. Ila umekionyesha njia ya nyumbani kwako."

"Simlei mwanangu hivyo," Bi Pini alimwambia mama yake alipokata simu. "Bora nikae macho siku zote, nimshike. Sitamshtua mtoto wangu maisha yake yote kama ulivyonifanya mimi."

Mama alirudi kwenye mchele wake.

Wakakaa sakafuni, sinia katikati yao. Jua liliingia kupitia nyufa za dirisha. Tone, aliyekatizwa usingizi, alianza kusinzia mapajani mwa mama yake, vidole vikafunguka kimoja kimoja, kidevu kikashuka, pumzi ikawa ndefu, na Bi Pini akamkumbatia kwa mikono yote miwili kama alivyoahidi, akamshika kwa nguvu zake zote, na bado akahisi uzito wa mtoto unapungua, unapungua mikononi mwake, mpaka akawa ameshika joto la gauni tu, na chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi, na shavu la Tone lisilogusa kitu likabonyea.

Bi Pini akaachia mkono mmoja. Akapiga sinia la mchele kwa kiganja, karibu kabisa na sikio la mwanaye.

Mtoto akaruka, mabega yakapanda hadi masikioni, uzito wake wote ukamrudia mama mapajani kwa kishindo. Harufu ikaondoka. Tone akamtazama mama yake kwa hofu, kama anamwona mtu mwingine, kisha akalia akimnyooshea bibi yake mikono.

Bibi hakumpokea mara moja. Alikuwa anaokota mchele sakafuni.

"Mchana nitamshtua mimi," akasema. "Usiku wewe."

"Sawa, mama," Bi Pini akajibu.