Kidole Kilichovimba kwa Sababu

Vidole vya mama mmoja vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo. Akikuelekeza njia kwa kidole, uliishia mji mwingine. Hata hivyo alishona. Binti yake, ambaye kwa kasi yake walimwita Chapuchapu, alishona naye katika chumba kimoja.

Chapuchapu aliviona vidole vile kila siku, akaogopa. Siku moja akaja na chupa ya vidonge vya bizari ya manjano.

"Muuzaji kasema ukianza ujanani, viungo havivimbi uzeeni. Mama, mimi bila vidole ni nani?"

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Najikinga."

Hata hajafungua chupa, sindano ya cherehani ikamchoma kidole. Kesho yake kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto.

"Maradhi yameanza," akasema, akamimina vidonge kiganjani.

"Hebu viache. Twende kwa shangazi yako."

Shangazi alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikisafisha kidole, akamchoma sindano ya pepopunda.

"Kibonyeze kidogo, kisha uachie."

Pakawa peupe, halafu wekundu ukarudi.

"Umeona? Damu hiyo imebeba askari wa kupigana na vijidudu, na mafundi wa kuziba tundu. Uvimbe ndio kazi yenyewe. Mafundi wakija kwako, utawafukuza kwa sababu ya vumbi?"

Wote watatu wakakiinamia kidole kama wanaochungulia kiota.

"Na vidonge hivi?" Chapuchapu akauliza, akimwonyesha chupa.

"Manjano ya kwenye mchuzi, kula. Vidonge vina kipimo kikubwa. Baadhi ya watu vimewadhuru ini, na vinaweza kugombana na dawa nyingine. Wala haijathibitishwa kwamba kijana mzima akivimeza leo, ataokoa viungo vya kesho. Viungo vikikakamaa kila asubuhi, au vikivimba bila jeraha, njoo mapema."

Kisha akaushika mkono wa mama. "Wifi, mgonjwa ni wewe. Binti anataka kukumezea dawa."

"Nilidhani ni uzee," mama akacheka.

"Uzee gani? Kesho uje kwa daktari."

Vidonge havikumezwa. Mama alianza matibabu, na siku hizi anajifungia vifungo mwenyewe. Kidole cha Chapuchapu kilinywea, ngozi ikafunga. Alikipeleka dirishani, akaazima miwani ya mama yake, akautafuta mshono. Fundi mzima, hakuuona.

"Aliyeshona hapa," akasema taratibu, "mimi hata kumshikia uzi sistahili."