Mswaki wa Mtoto Juu ya Kabati

"Mtoto wako ana umri gani?"

Mumewe ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni, sare ya kazi bado mwilini. Akainua uso.

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga. Huyu anayepigia mswaki hiki kidude."

Mkewe, msusi, alikuwa ametandaza vitu meza nzima. Kulikuwa na mswaki mdogo unaosimama wenyewe kwa kitako cha kunata. Kulikuwa na dawa ya meno yenye ladha ya ndizi, plasta zenye picha za twiga, kikombe kisichomwagika hata ukikipindua, tambi zenye umbo la herufi, biskuti, mirija yenye picha za watoto, na sabuni ya kugeuza maji ya kuogea yawe ya buluu. Vyote vilikuwa na maandishi ya kigeni, na vyote alivikuta kwenye mfuko mweusi juu ya kabati alipokuwa akitafuta mto wa ziada.

Tangu waoane walikuwa hawajajaliwa mtoto. Mume ni mhudumu wa ndege, leo yuko huku, kesho kule. Sasa mke wa mtu wa namna hiyo akikuta mswaki wa mtoto juu ya kabati, unataka afikirie nini?

"Ungenunua manukato ningesema ni zawadi ya kimada," aliendelea. "Hivi si zawadi. Hivi ni vitu vya dukani, vya kila siku. Mtu hununua dawa ya meno pale anapolala. Una nyumba huko!"

"Sina."

"Una mtoto!"

"Sina mtoto, mke wangu."

"Basi ni vya nani?"

Akamtazama mkewe, kisha akaangalia chini kama mtu aliyekosea chumba.

"Nikikuambia nitakuumiza."

"Hapa nilipo unaniona nacheka?"

"Niache nikae kwanza..."

"Hukai! Nenda kakae kwa huyo anayepikiwa tambi za herufi!"

Mume alivaa tena viatu vilevile, akalishika sanduku lake na kutoka. Msusi akabaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kuondoka kimyakimya kulimuuma kuliko tusi.

Jioni ujumbe ukaingia: "Niko kwa dada. Kula, usilale na njaa."

Akajibu: "Kamhimize mama mtoto wako ale."

Asubuhi alizibeba zile bidhaa hadi saluni akamwonyeshe shoga yake, fundi cherehani wa mlango wa pili. Shoga alizipekua kama afisa wa forodha.

"Shoga, umekwisha. Mwanaume anayenunua plasta ana mtoto ambaye tayari anakimbia na kuanguka."

"Usiniambie."

"Ngoja. Haya maandishi hayafanani na haya. Na haya ni ya nchi nyingine kabisa. Jamani, ana mtoto kila kiwanja cha ndege!"

"Mwenzio nakufa, wewe unatania."

"Sitanii. Na hii nayo dawa ya meno?" Shoga akafungua mrija mmoja wenye picha ya mtoto anayecheka, akaminya kidogo kidoleni, akalamba. Uso ukamkunjamana. "Yallah! Samaki! Wamesaga samaki wakamtia kwenye mrija!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Ya msusi yaliendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha.

"Lakini mbona vyote vilikuwa havijafunguliwa?" shoga aliuliza, sasa kwa upole. "Mtoto gani asiyefungua hata biskuti?"

Swali hilo lilimkaa kichwani mchana kutwa, akalifukuza. Hasira ilikuwa rahisi zaidi kuibeba.

Kabla ya kufunga saluni aliingia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke asiye na salamu ndefu. Akajitupa kwenye kiti mbele ya kioo.

"Nisuke, wifi."

"Wifi, kama umekuja kwa ajili ya kaka yako..."

"Nimekuja na kichwa changu. Nisuke."

Msusi akachukua kitana, akagawa nywele, akaanza. Mistari miwili ya kwanza ilipita kimya. Wa tatu, wifi akasema bila kugeuka:

"Kaka yangu hali chakula. Nimembana mpaka amesema. Unataka kusikia au unataka kubaki na hasira yako?"

"Sema."

"Kila wakitua ugenini, wenzake wanakimbilia viatu na simu. Yeye anatafuta duka la vyakula. Anasema huko ndiko unaona watu wanavyoishi majumbani mwao. Anapita kwenye rafu za watoto, anachagua kitu kimoja. Cha mtoto wenu."

"Hatuna mtoto, wifi."

"Ndiyo nikamwambia, wewe una wazimu? Akanijibu, 'Dada, daktari alisema hatuna tatizo, tusubiri tu. Mimi nasubiri.' Akaficha asikutie presha. Aliogopa ukiviona utadhani anakusimanga."

Mikono ya msusi ikasimama katikati ya msuko. Kwenye kioo macho yao yakakutana.

"Wifi," aliuliza yule dada, sauti imeshuka, "daktari alisema hivyo kweli?"

Msusi akaziachia nywele, msuko ukafumuka wenyewe.

Majibu ya vipimo msusi alikuwa amekwenda kuyachukua peke yake. Daktari hakumwambia asubiri. Alimwambia, kwa huruma na bila kuzungusha, kwamba mimba haitashika kwake, si mwaka huu wala mwingine. Akarudi nyumbani, na mumewe alipouliza akasema, "Tusubiri tu." Alidhani anamlinda mumewe, na alikuwa akijilinda mwenyewe, kwa kuwa aliogopa kuachwa. Siku zikaenda, uongo ukazoeleka kama kochi la sebuleni.

"Nimeelewa. Mwambie mwenyewe," wifi alisema akijifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu. "Mimi sitasema. Lakini usimwache aendelee kununua."

Msusi akampigia mumewe papo hapo. Simu haikupatikana, mumewe alishaondoka na safari nyingine. Ilipopokelewa ilikuwa kesho yake, msusi akiwa saluni. Nyuma ya sauti yake kulisikika mlio wa mashine ya keshia, mtangazaji akisema mambo kwa lugha ambayo msusi hakuijua.

"Uko wapi?"

"Dukani." Akasita. "Mke wangu, yale mambo nitakueleza..."

"Dada amenieleza. Mume wangu, nisamehe. Mimi ndiye mwenye siri, si wewe."

"Siri gani?"

"Daktari hakusema tusubiri."

"Alisemaje?"

"Alisema haiwezekani. Kwangu mimi haiwezekani. Nilikudanganya."

Mashine ya keshia ikalia tena. Mtoto fulani alikuwa akilia karibu naye, mama yake akimbembeleza.

"Uko hapo?" msusi aliuliza.

"Nipo."

"Sema kitu. Nitukane."

"Nilikuwa na kitu mkononi," alisema taratibu. "Nimekirudisha kwenye rafu."

Simu ikakatika. Msusi akakaa chini, palepale sakafuni penye nywele za wateja, akalia kwa sauti.

Aliporudi mumewe hakugonga, alifungua kwa ufunguo wake. Msusi alikuwa amepika, amevaa, amepanga maneno, na yote yakamponyoka alipouona ule uso. Mtu alikuwa amezeeka njiani.

"Umekuja kuchukua vitu vyako?"

"Nimekuja kwangu."

"Hutaniacha?"

"Ndicho ulichokuwa ukiogopa miaka yote hii? Niwe mtu wa kukuacha?" Alikaa mbali naye, kwenye ukingo wa kiti. "Mke wangu, ungeniambia siku ileile ningelia mara moja tu. Sasa inabidi nilie kwa kila kimoja. Kwa mswaki peke yake, kwa kikombe peke yake. Kila kimoja nakumbuka nilikinunua mji gani na nilikuwa nikiwaza nini."

"Nimekosa."

"Umekosa. Sitasema hukukosa."

"Sina la kujitetea."

"Hata mimi sina." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilipokata simu nikazunguka lile duka zima. Nikasema nimtafutie mke wangu kitu. Sabuni, chai, chochote. Nikasimama kama mlinzi. Sijui unapenda nini. Miaka yote nimemnunulia mtu ambaye hayupo, na aliyepo sijui hata anapenda harufu gani."

Msusi akasogea, akakaa karibu naye. Hakumgusa.

"Bado nimekukasirikia," mume alisema.

"Kasirika. Ila kasirikia hapa."

"Basi nielezee. Usinifiche hata kidogo. Siku ile ya majibu ilikuwaje?"

Akashusha pumzi. "Nilitoka kwa daktari nikapanda basi ambalo si letu. Sikujua. Nikashuka kituo cha mwisho, mahali sipajui, nikakaa kwenye benchi mpaka kondakta akaniuliza kama ninaumwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kwa nini hukunipigia? Hata ningekuwa wapi, kwa nini hukunipigia?"

"Nilikupigia, mume wangu. Nilipiga na kupiga. Ulikuwa angani, simu umezima. Na ulipotua ukanipigia wewe, una furaha, unaniuliza kuna habari gani, nikawa nimeshapata uongo wa kukuambia."